Kisanduku cha saketi, kidato cha pili B

Wiki ya 1. Naandika tangu mwanzo, maana mradi wangu uliopita, bustani ya mchicha nyuma ya maabara, ulikufa na sikumbuki hata ulikufa lini. Safari hii nataka wanafunzi 58 wa Fizikia waone saketi ya umeme ikifanya kazi, bila intaneti. Tuko pembezoni mwa Moshi, njia ya Kiboriloni. Mtandao upo, ila ukautafute chini ya mparachichi. Ammita za maabara, vile vipimo vya mkondo wa umeme, ni 5, na mbili mshale umeganda.

Simu wanafunzi hawaruhusiwi, nami sitafuti ugomvi na mwalimu wa taaluma. Tulichonacho ni vishikwambi vyetu walimu, vile vya Sensa ya 2022 tulivyogawiwa kazi ilipokwisha. Nimepita ofisini kuomba, nikapata 9. Mwalimu wa Kemia alinikabidhi chake huku ananitazama: "Picha za harusi yangu zikifutika, utanichangia harusi nyingine."

Kisanduku chenyewe ni Raspberry Pi 4, kompyuta isiyozidi pakiti ya karata. Inarusha wifi yake yenyewe. Kishikwambi kikiunganishwa, mwanafunzi anaandika anwani kwenye kivinjari basi. Ndani nimeweka Kiwix, inayofungua Wikipedia iliyokwisha kupakuliwa, na majaribio ya kuigiza kwenye skrini ya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. PhET ilianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa ametoka kupata Nobel mwaka mmoja kabla. Ninachokipendea ni kwamba kila jaribio ni faili moja la HTML: unalipakua, unalibeba, linafunguka popote.

Wiki ya 2. Nimepoteza siku tatu kwa ujinga. Nilipakua usiku mkusanyo wa makala za Wikipedia za Kiingereza, GB 6 na kitu, bando likaisha. Kulihamishia kwenye flashi ya GB 64, linakataa: faili kubwa mno. Na nafasi ipo tele! Nikamlaumu muuza flashi wa stendi, nikarudi kwake na maneno yangu. Kumbe flashi ilikuwa na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Kuibadili kuwa exFAT kulichukua dakika moja. Muuza flashi nimemwomba radhi.

Wiki ya 3. Chaja ya simu haiitoshi Pi. Alama ya radi inatokea kwenye skrini, kisha inajizima. Inataka volti 5, ampea 3. Halafu umeme ukakatika katikati ya kuandika, memori kadi ikavurugika, nikaanza upya. Sasa ina pawa benki yake.

Wiki ya 4. Kipindi. Vikundi 9 vya watu sita, wanne waliobaki kwenye kompyuta mpakato yangu. Sharti: mjadala kwa Kiswahili, daftari kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza. Kabla ya kugusa chochote niliuliza: taa mbili kwenye mstari mmoja, ipi itawaka zaidi? Karibu darasa zima, ya kwanza, "kwa sababu umeme unaifikia mwanzo." Wakaunganisha. Betri ya volti 9, taa moja ya omu 10: ammita ikasoma ampea 0.90. Wakaongeza ya pili: 0.45, kabla ya taa, katikati na baada. Kikundi kimoja kiliihamisha ammita mara nne kama askari anayekagua leseni ileile. Nilikaa kimya, na hiyo ndiyo kazi iliyonishinda zaidi siku hiyo.

Kisha nyuma kabisa: "Madam, limeungua!" Walikuwa wamevusha waya mtupu kutoka upande mmoja wa taa hadi wa pili, na betri ikatoa moto kwenye skrini. Dakika mbili baadaye vikundi vyote vinachoma betri. Nilitaka kuzuia, ila binti mmoja akauliza, "Mbona moto unawaka, halafu taa imezima?"

Hilo silioni kwenye andalio langu la somo. Kijana wa Rombo akamjibu kabla sijafungua mdomo: "Umeme umepita njia ya panya. Haujapita Holili." Darasa likaangua kicheko, maana kila mtu huku anajua mizigo ya Taveta, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, inavyoukwepa ushuru wa forodha pale Holili. Mwingine akadakia: "Kwa hiyo ndiyo shoti?" Ndiyo shoti. Neno wanalolisikia kwa mafundi miaka yote. Nimefundisha mada hii miaka sita kwa ubao na sijawahi kuulizwa swali la yule binti.

Mfano wa Holili una kasoro (umeme hugawanyika njia zote, ila palipo na ukinzani mdogo hupita mwingi mno), tumeurekebisha kipindi kilichofuata.

Wiki ya 6. Leo tumerudia kwa vitu halisi: betri mbili za tochi, globu ndogo, waya. Wameugusisha waya kwa sekunde chache tu; globu imezima, waya ukapata joto, kijana wa Rombo akaachia haraka. Yule binti ameleta plagi ya ekstensheni ya kwao, imeyeyuka upande mmoja, anataka tuipasue.

Kemia wameomba kisanduku Alhamisi. Picha za harusi ziko salama.