Jerania za kudumu: anza na jani na shina, rangi ya ua iache mwisho

Ule mmea wa vyungu vya dirishani unaoitwa jerania na karibu kila mtu, wenye maua mekundu yaliyosongamana juu ya kikonyo kimoja, ni pelagonia. Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea Linnaeus aliiweka mimea yote hii katika jenasi moja (kundi la spishi zinazokaribiana), Geranium. Mtaalamu mwenzake L'Héritier akaitenga Pelargonium mwaka 1789, lakini watu walikwisha kulizoea jina la zamani na hawakuliacha. Ndiyo maana mtu hununua "jerania", akaipanda nje, jalidi ikaiua kwa usiku mmoja, naye akabaki akiamini kwamba jerania ni mimea dhaifu. Jerania za kweli za kudumu si dhaifu hata kidogo. Nyingi huvumilia nyuzi 20 chini ya sifuri: majani hukauka, mizizi hulala ardhini, na majira ya kuchipua huanza upya.

Kuzitenganisha ni kazi ya dakika moja. Ua la jerania lina petali 5 zinazolingana, uligeuze utakavyo. La pelagonia lina petali 2 za juu zinazotofautiana na 3 za chini kwa ukubwa au kwa alama. Ukibaki na shaka, kata kikonyo kwa wembe chini kidogo ya ua. Cha pelagonia kina kijibomba cha nekta kilichoshikamana nacho, cha jerania hakina. Kisha hesabu stameni, zile nyuzi za kiume ndani ya ua: jerania huwa na 10 zenye chavua, pelagonia haizidi 7.

Petali zikishaanguka, tunda la jerania hurefuka kama mdomo wa ndege, na hapo ndipo jina lilipotoka: geranos kwa Kigiriki ni korongo. Tunda hilo likikauka, nyuzi zake hujikunja ghafla na kurusha mbegu mbali na mama.

Kosa kubwa katika kutambua spishi ni kuanza na rangi. Jerania za buluu ni nyingi, za waridi ni nyingi zaidi, na rangi hubadilika kwa kivuli, kwa joto, hata kwa umri wa ua. Mimi huanza chini: shina likoje linapogusana na udongo, jani limekatwa kwa kina gani, lina harufu gani likisuguliwa, na vikonyo vinasimamaje baada ya petali kuanguka.

Harufu peke yake hutambulisha Geranium macrorrhizum. Jani lake hunata kidogo na kutoa harufu kali ya viungo, na mashina yake manene hutambaa juu ya udongo kama vidole. Kikombe cha ua huvimba na kuwa chekundu, na stameni hutokeza nje sana. Mseto (chotara) wake na G. dalmaticum (G. ni kifupi cha Geranium) huitwa G. × cantabrigiense. Huu ni mfupi, sentimita 20 hadi 30, majani yake yanang'aa na karibu hayana vinyweleo, na hautoi mbegu.

G. pratense na G. sylvaticum huchanganywa kila mara, kwa kuwa zote ni ndefu na majani yao yamegawanyika kwa kina. Ngoja petali zianguke. Vikonyo vya pratense huinama wakati tunda likiwa bichi, vya sylvaticum hubaki vimesimama wima. Sylvaticum pia hutangulia kuchanua, na mara nyingi katikati ya ua ni peupe. Mmea unaofanana na pratense lakini hautoi mbegu kabisa, yamkini ni 'Johnson's Blue', mseto wa pratense na himalayense.

Nyingine ni rahisi. G. sanguineum ni fupi, majani ya mviringo yaliyochanwa vipande vyembamba, na kila kikonyo huwa na ua moja tu, jambo lisilo la kawaida kwa jerania. G. phaeum ina maua ya zambarau iliyokolea karibu na weusi, petali zake zimekunjukia nyuma, na mara nyingi kuna doa jeusi kwenye jani. G. renardii utaijua gizani kwa kupapasa: jani la kijivu, nene, lenye mikunjo kama ya seji, kile kiungo cha jikoni. G. psilostemon hupita mita 1, maua ya waridi kali yenye jicho jeusi.

Sasa umbo la shina chini linageuka kuwa mwongozo wa kazi. Jerania zinazotambaa, kama macrorrhizum, himalayense na cantabrigiense, unaweza kuchana kipande chenye mizizi kidogo na kukifukia mpaka shingoni, nacho kitashika. Zenye kichaka kimoja kilichobanana, kama pratense, phaeum na psilostemon, zing'oe kila baada ya miaka 3 hadi 5, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, na kuzigawa kwa kisu au kwa uma mbili za bustani zilizopeana mgongo. Kila kipande kiwe na macho (machipukizi machanga) 2 au 3. Tupa sehemu ya katikati iliyokuwa ngumu kama kuni. Ukiirudisha ardhini utapata majani machache na ua moja moja. Jerania iitwayo 'Rozanne' ni kundi jingine. Matawi yake hutambaa zaidi ya nusu mita pande zote, lakini yote hutoka kwenye kitako kimoja na hayashiki mizizi njiani. Ukikipasua kitako hicho unaweza kupoteza mmea wote. Chukua vipandikizi vya machipukizi ya chini badala yake.

Kupanda: chimba shimo lenye upana mara mbili ya chungu, weka macho ya mmea usawa wa udongo, mwagilia mpaka chini. Fupi zipishane sentimita 30, ndefu 60. Tandaza mboji sentimita 5, lakini acha kitako wazi, maana kikifunikwa huoza. Udongo wowote usiotuamisha maji unafaa. Nyingi hupenda jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Chini ya miti, penye ukame na mizizi ya wengine, panda macrorrhizum, phaeum au nodosum, na usihangaike na nyingine. Jamii ya cinereum inataka kokoto na jua, na maji ya majira ya baridi yakisimama huifisha.

Kazi ambayo watu wengi huiogopa ndiyo yenye faida kubwa. Pratense, phaeum, sylvaticum na × oxonianum zikimaliza maua ya kwanza hulala ovyo na majani hupata ubwiri unga. Kata kila kitu, majani na mashina, ubakize sentimita 5. Mwagilia vizuri siku hiyohiyo. Baada ya wiki 2 au 3 majani mapya safi yanakuwa yamejaa, na baadhi zitachanua tena. Usipomwagilia, mmea hubaki kipara hadi msimu uishe. Macrorrhizum iondolee vikonyo vya maua tu, na sanguineum ipunguze kidogo.

Mmea ukinyauka huku udongo ukiwa na unyevu, uvute taratibu. Ukitoka mkononi bila mizizi, mizizi imeliwa na funza wa fukusi, mdudu wa jamii ya mbawakawa: weupe, kichwa cha kahawia, wamejikunja. Dalili ya fukusi wenyewe ni ukingo wa majani uliong'atwa kama meno ya msumeno. Wakusanye usiku kwa tochi, na udongo ukiwa na joto na unyevu weka nematodi, minyoo midogo sana inayoua funza hao.

Mbegu zikusanye mdomo ukianza kuwa kahawia lakini kabla haujakauka, kwa kuwa ukichelewa siku moja utakuta maganda matupu. Kata kichwa kizima, kitie ndani ya mfuko wa karatasi na uufunge, zifyatukie humo. Zisugue kidogo kwa msasa, zipande zikiwa mbichi, na uache trei nje zipate baridi. Mche wa pratense uliokulia karibu na aina nyingine unaweza kuwa chotara, hivyo usiuandikie jina la mama mpaka uchanue na uangalie vikonyo vyake.