Tulivyokwama Laramie

Nianze na bafu. Kuoga kwenye kituo cha malori cha Marekani kunagharimu dola 15 na ushee. Dereva aliyejaza mafuta ya kutosha anaoga bure, lakini abiria hana neema hiyo. Mimi nilioga kwa bei kamili pale Laramie, jimbo la Wyoming, kwa sababu upepo ulikuwa umefunga barabara na hakuna aliyejua itafunguliwa lini. Hapo ndipo penye habari. Nebraska, jimbo tulikoanzia safari, nitaipita haraka, ingawa yenyewe haikutaka kuisha.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, anaendesha lori kutoka Omaha. Alipangiwa nyama iliyogandishwa ya kupeleka Salt Lake City, na kwa kuwa nilikuwa nimekuja kumtembelea, akaniombea kibali cha abiria kwa waajiri wake. Bila karatasi hiyo bima haikutambui. "Kaka, panda uione Marekani yenyewe," akaniambia. Nikaiona kupitia kioo cha mbele, nikiwa kwenye kiti kinachorukaruka, na usiku nikalazwa kitanda cha juu ambacho nashuku kilitengenezewa mabegi.

Barabara ya I-80 inafuata Mto Platte, mpana na wenye kina cha magoti. Wahamiaji wa miaka ya 1840 na 1850 waliambaa na mto huohuo na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe kwenda Oregon na California. Reli ikaja nyuma yao, kisha lami. Nchi yote hiyo Marekani iliinunua kwa Napoleon wa Ufaransa mwaka 1803. Jeshi lake lilikuwa linashindwa Haiti na watu waliokataa kurudishwa utumwani, vita na Uingereza inanukia, hela anaitaka. Akauza zaidi ya kilomita za mraba milioni 2 kwa dola milioni 15. Taifa lililotambuliwa na Uingereza miaka 20 tu kabla likakaribia kuwa mara mbili ya ukubwa wake. Binamu alipiga hesabu huku anaendesha: kama senti 3 kwa ekari.

"Hela ya kuoga mara moja, kaka, ungepata ekari 500 na chenji."

Baadaye serikali ikaanza kuigawa bure. Sheria ya 1862 ilimpa mtu ekari 160 mradi aishi hapo miaka 5, ajenge na alime. Kwa sheria hiyo ziligawiwa ekari kama milioni 270, sehemu moja ya kumi ya nchi nzima. Aliyeisaini ni Lincoln, ambaye sisi shuleni tulifundishwa habari za kukomesha utumwa tu. Kichwa chake cha shaba kiko juu ya nguzo ya mawe kabla hujateremka Laramie, barabara inapofika mita 2,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Tulisimama nikapiga picha, vidole vikafa ganzi, tukaondoka.

Chini ya mlima tukakuta geti limeteremshwa. Barabara kuu ya kuvuka bara zima la Marekani ina geti, na likishashuka, umesimama. Mbele, karibu na Mlima Elk, upepo huokota theluji chini na kuirusha mpaka dereva haoni bampa lake, na trela tupu unaweza kulilaza ubavu. Binamu hakulalamikia upepo. Alilalamikia saa. Sheria inamruhusu kuendesha saa 11 ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, na kifaa kilichofungwa kwenye lori kinahesabu bila huruma. Tena analipwa kwa maili. Geti likishuka, hesabu ya maili nayo imelala, na supu ya dukani haishuki bei kwa kukuonea huruma. Akapanda kitandani kwake akalala. Mimi nikaingia ndani kutafuta joto.

Viti vilikuwa vimejaa. Nikapata nafasi karibu na bibi mmoja mwenye koti la bluu, pamoja na mjukuu wake wa kiume. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akatikisa kichwa, jibu halijamtosha.

"Ndiyo, lakini watu wako ni watu gani?"

Tangu nitue nchi ile hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamwambia mimi ni Mgogo, wa Dodoma. Akalitamka mara mbili mpaka likakaa sawa mdomoni. Yeye alikuwa wa Arapaho wa Kaskazini, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, anarudi Wind River, eneo walilotengewa na serikali, akitokea Denver, jimbo jirani la Colorado, alikokwenda kupimwa moyo. Na hapo akaanza kunieleza habari ya maegesho. Hospitali walimtoza pesa za kuegesha gari. Kila siku aliyokwenda, walimtoza. Moyo wenyewe aliutaja kwa sentensi moja, maegesho yakachukua karibu nusu saa.

Sababu niliielewa polepole. Mkataba wa Fort Laramie wa 1851, kati ya serikali na makabila ya wenyeji, uliitambua nchi iliyo kati ya Platte ya Kaskazini na Mto Arkansas kuwa ya Arapaho na kabila jingine, Cheyenne. Denver imo humo. Hata Laramie imo, na vile viti tulivyokalia. Mwaka 1858 ikapatikana dhahabu karibu na ilipo Denver, watu wakamiminika, na mwaka 1861 ukaletwa mkataba mwingine ulioacha kipande kidogo tu. Mwaka 1864 askari wa Colorado wakaivamia kambi ya Cheyenne na Arapaho pale Sand Creek, wakaua watu wapatao 230, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Bibi hakuyasimulia hayo kwa uchungu wa kuonyesha. Aliyasema kama anavyosema mtu mwenye risiti mfukoni: pale ni kwetu, karatasi ipo, na bado nimelipia kuegesha.

Arapaho wa Kaskazini walisindikizwa na jeshi hadi Wind River mwaka 1878, wakawekwa kwenye ardhi ya Shoshone, mahasimu wao wa siku nyingi. Waliambiwa ni kwa muda. "Bado hatujaambiwa muda umekwisha," mjukuu akadakia. Mwaka 1905 Bunge la Marekani likafungua sehemu kubwa ya eneo hilo kwa walowezi, na mwaka uliofuata ukaanzishwa mji wa Riverton. Kama mji huo umo ndani ya mipaka ya eneo lao au umo nje ilibaki kesi mpaka juzijuzi: mahakama ya rufaa ilisema mwaka 2017 kwamba umo nje. Bibi hununua vitu vyake Riverton.

Kisha zamu yangu. "Kwenu alikuja nani?"

"Wajerumani, halafu Waingereza."

"Wako wapi sasa?"

"Walirudi kwao. Tulipata uhuru 1961."

Akamgeukia mjukuu. "Umesikia? Walirudi kwao." Kisha kwangu: "Na nyumba zao?"

"Zile nzuri wanakaa wakubwa wa serikali."

Alicheka mpaka kijana akainuka kumtafutia maji.

Kijana ni mwindaji, na simuni ana programu ya ramani inayoonyesha kila ardhi ni ya nani. Akaniwekea mezani. Kandokando ya reli, Wyoming nzima kutoka mashariki hadi magharibi, ardhi ni ubao wa drafti: mraba wa mtu binafsi, mraba wa serikali, mraba wa mtu binafsi. Kampuni za reli zililipwa ardhi ili zijenge. Sheria ya 1862, iliyoongezwa 1864, ilizipa mraba mmoja, ikaruka mmoja, kila mmoja maili moja kwa maili moja, hadi maili 20 kila upande wa reli. Reli ilikamilika 1869. Ubao umebaki. Pale Mlima Elk, ambako upepo ulikuwa unatuzuia, mwaka 2021 wawindaji walivuka kutoka mraba wa serikali kwenda mraba mwingine wa serikali kwenye pembe zinapogusana. Walitumia ngazi wasikanyage ardhi ya jirani, na bado walishtakiwa kwa kupita hewani kwake. Mahakama ya rufaa iliwapa haki mwaka 2025.

Nilikaa naitazama ile miraba, akili ikarudi Dodoma. Wajerumani walipitisha reli yao kwetu, Dar hadi Kigoma, kati ya 1905 na 1914, lakini walowezi hawakuifuata Ugogo. Naamini ukame wetu ndio uliotuokoa. Waliokuja kupima ni sisi wenyewe, baada ya makao makuu kuamuliwa yahamie kwetu mwaka 1973. Mji ulipotanuka, shamba la uwele la baba mdogo likaota bikoni. Alikuwa na kaburi la baba yake na mibuyu miwili. Wapimaji walikuwa na ramani. Fidia ilikuja, ndogo, na siku hizi akipita hapo anaonyesha kwa fimbo: sebule ya yule ilikuwa zizi langu. Aliyejenga hapo ni Mtanzania mwenzake, mtu mwema tu, wanasalimiana. Sikumsimulia bibi habari hiyo. Nilikuwa nimeshajisifu na 1961.

Geti lilipanda usiku wa manane. Malori yakatoka kwa foleni, na bibi alikuwa ameshaondoka, sikumuaga. Ng'ambo ya Rawlins barabara inavuka mgongo wa bara, mstari unaogawa mito ya mashariki na ya magharibi, uliokuwa mpaka wa ardhi iliyouzwa na Napoleon. Rock Springs niliipita macho mazito. Huko mwaka 1885 wachimba makaa wa kizungu waliua wenzao Wachina wasiopungua 28, wakachoma makazi yao. Kuanzia pande hizo hadi pwani ya California ilikuwa Mexico mpaka 1848, iliposhindwa vitani ikasaini kuachia, nayo ikapewa dola milioni 15, bei ileile ya Napoleon.

Wamormoni, watu wa dhehebu lililozaliwa Marekani, ndio walioanzisha Salt Lake City; waliingia bondeni Julai 1847, wakiikimbia Marekani iliyowatesa, wakidhani wametoka nje ya nchi. Haukupita mwaka, Marekani ikawafuata na mpaka wake.

Sisi mlinzi wa ghala alitazama karatasi zetu akasema miadi imepita, turudi kesho saa kumi na moja alfajiri. Binamu akampigia mtu wa ofisini kwao, wakaanza kubishana nani atalipia siku ya kusubiri.