Jinsi picha za zamani zilivyonieleza gari langu lilivyochakaa porini

Fundi aliyekuwa amelala chini ya gari langu aliniuliza swali moja tu: "Mzee, hii imeanza lini?" Alikuwa akizungumzia mambo matatu kwa pamoja. Gari lilikuwa limelalia upande wa kushoto kwa nyuma, oili ya difu, lile boksi la gia lililo katikati ya ekseli, ilitoka ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, na nyuma ya gurudumu la mbele kutu ilikuwa imekula bati kiasi kwamba kidole kilipenya. Nilimjibu bila kusita kwamba yote yalianzia safari ile tuliyotumbukia korongoni tukakesha porini hadi asubuhi. Aliguna tu, akaendelea kufungua nati.

Mguno ule ulinikera, kwa sababu nilijua kwamba sikuwa na ushahidi wowote zaidi ya kumbukumbu. Nimezunguka na gari hilo katika njia za msituni kwa miaka 17, na kila safari niliibeba kamera, kwanza ya filamu, kisha ya kidijitali, na hatimaye simu. Picha zilikuwapo: albamu 4, maboksi 2 ya viatu, bahasha za negativu, yaani vipande vya filamu yenyewe, alizokuwa akizihifadhi shemeji yangu, na mamia ya faili kwenye kompyuta. Nilizipiga kwa ajili ya mandhari na watu, lakini gari limo karibu katika kila moja, ama limeegeshwa nyuma ya kundi la watu, ama limekwama matopeni. Nikaamua kulitafuta jibu la fundi humo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuzitoa picha kwenye albamu. Mbili kati ya hizo zilikuwa za aina ile yenye kurasa za gundi na karatasi ya plastiki juu yake, na gundi ilikuwa imeshika kana kwamba ni simenti. Picha ya kwanza niliivuta kwa pupa, ikapasuka pembeni na kuacha ngozi ya nyuma kwenye ukurasa. Baada ya hapo nilitumia uzi wa kusafishia meno, nikiupitisha taratibu kati ya picha na ukurasa kama mtu anayekata sabuni kwa uzi, na zile zilizokataa kabisa nikaziskani zikiwa palepale kwenye ukurasa wake. Picha za karatasi niliziskani kwa doti 600 kwa inchi, kwani zaidi ya hapo nilikuwa nakuza ukungu tu. Negativu nilizipandisha hadi doti 2,400, ambapo fremu moja ya milimita 24 kwa 36 hutoa takriban pikseli 2,270 kwa 3,400, kiasi kinachotosha kuhesabu vijiti vilivyonasa kwenye bampa.

Tatizo ambalo sikulitarajia lilikuwa la rangi. Picha nyingi za zamani zilikuwa zimegeuka nyekundu, kwa kuwa katika baadhi ya karatasi za zamani rangi ya samawati hufifia kabla ya nyingine hata picha ikikaa gizani, na kinachobaki ni wekundu na manjano. Sasa fikiria mtu anayetafuta kutu katika picha ambayo kila kitu, kuanzia matope hadi nyuso za watu, kina rangi ya kutu. Siku mbili nzima niliamini kwamba gari lilianza kuoza mwaka wa pili baada ya kulinunua. Nilipoipata negativu ya picha ileile, ambayo ilikuwa na hali nzuri zaidi, nikaona kwamba "kutu" ile ilikuwa udongo wa kawaida na kivuli. Tangu hapo sikuikubali picha yoyote ya karatasi kuwa shahidi wa kutu bila kuirekebisha kwanza kwa kutumia kitu ambacho nilijua rangi yake halisi, na kwa bahati rimu za gari letu zilikuwa nyeupe.

Kuzipanga picha kwa mfuatano kulinichukua muda mrefu kuliko kuziskani. Tarehe iliyochapwa pembeni na kamera haikuaminika, maana saa ya kamera ile ilikuwa ikirudi mwanzo kila betri ilipotolewa, na kwa mujibu wake nusu ya safari zetu zilifanyika tarehe 1 Januari. Negativu zilinisaidia zaidi, kwa kuwa namba za fremu zilizoandikwa kwenye ukingo wa filamu hazibadiliki, hivyo ndani ya filamu moja nilijua kipi kilitangulia kipi. Kuunganisha filamu moja na nyingine nilitumia mikwaruzo. Mkwaruzo ukishaingia kwenye rangi ya gari hauondoki wenyewe, kwa hiyo picha yenye mikwaruzo 3 mlangoni imepigwa kabla ya ile yenye mikwaruzo 5. Mlango wa kushoto ukawa kalenda yangu, hadi mwaka tulioupaka rangi upya, ambapo ilinibidi nianze kuhesabu tena kutoka sifuri.

Ndipo nikaingia kwenye suala la gari kulala upande. Jicho hudanganyika, hasa gari likiwa kwenye ardhi isiyo sawa, kwa hiyo nilihitaji kipimo. Nilichagua picha zilizopigwa ubavuni, nikapima kwa pikseli umbali kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake, kisha nikaugawa kwa kipenyo cha rimu katika picha hiyohiyo. Rimu halisi niliipima kwa futi kamba: sentimita 44. Kipenyo nilikipima kwa kwenda juu tu, si kwa upana, kwa sababu picha iliyopigwa kwa mshazari huubana upana wa gurudumu lakini kimo chake hubaki vilevile. Tairi lenyewe sikulitumia, maana kwenye mchanga tulikuwa tunapunguza upepo na tairi lilikuwa likibonyea. Nilipoipima picha moja mara tatu, majibu yalitofautiana kwa hadi nusu sentimita, hivyo tofauti yoyote iliyo chini ya sentimita moja niliipuuza.

Katika picha za miaka ya mwanzo pande zote mbili zilitoa 1.20, yaani karibu sentimita 53. Picha niliyoitafuta kwa hamu ilikuwa ya asubuhi ya safari ile ya korongoni, gari likiwa bado nyumbani, watoto wamekaa kwenye bampa, nami nikiwa nimezunguka pande zote mbili kupiga picha. Kulia ilikuwa 1.19. Kushoto ilikuwa 1.15. Gari lilikuwa limeshashuka karibu sentimita 2 upande mmoja kabla hatujawasha injini kuelekea huko ambako, kwa miaka yote, nilikuwa nikipatupia lawama.

Nilirudi nyuma picha kwa picha hadi nikafika mahali ambapo tofauti inaanza kuonekana, na hapo jibu lilikuwa limening'inia wazi kabisa. Ni mwaka ambao nilifunga kishikio kwenye kona ya nyuma kushoto, nikaweka humo madumu 2 ya maji ya lita 20 kila moja pamoja na tairi la akiba. Maji peke yake ni kilo 40. Ukijumlisha tairi na chuma chenyewe unapita kilo 70, zote upande mmoja, na zote nyuma ya ekseli, mahali ambapo uzito huikandamiza springi kuliko ukikaa juu yake. Ningejitetea kwamba ni mzigo wa safari tu, lakini picha hazikuniruhusu. Ipo moja ya harusi ya mdogo wangu ambapo gari limepambwa kwa riboni na maua, na nyuma yake madumu yamo, maji yanaonekana yamefika shingoni. Nilipenda kuwa tayari wakati wote. Fundi alipoifungua springi ya kushoto, ambayo ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, alikuta bamba moja limepasuka karibu na tundu la bolti ya katikati, na mpasuko wenyewe ulikuwa mweusi, wa siku nyingi.

Kuhusu kutu, picha mbili zilitosha. Katika ya kwanza tumetoka safari, na nyuma ya gurudumu la mbele kuna bonge la tope lenye umbo la kisiwa chenye rasi mbili ndefu. Katika ya pili, ambayo simu inasema ilipigwa wiki 11 baadaye, gari linang'aa kwa kuoshwa, lakini nilipoikuza picha nikakiona kisiwa kilekile na rasi zake zote mbili kimekaa ndani ya upinde wa gurudumu. Nilikuwa naosha panapoonekana. Tope linapokauka kwa nje huendelea kushikilia unyevu upande uliogusana na bati, na hapo ndipo kidole cha fundi kilipopenya. Hakukuwa na zaidi ya kuchunguza.

Difu ndiyo iliyonifedhehesha. Kwenye filamu moja kuna fremu 7 mfululizo, kuanzia namba 11 hadi 17, gari likiwa katikati ya mto, maji yamezifunika ekseli. Nilikuwa nazikumbuka vizuri, ni picha nzuri. Ambacho sikukumbuka ni muda. Katika fremu ya 11 kivuli cha tawi kimeangukia kitasa cha mlango. Katika ya 17 kimesogea hadi karibu na bawaba. Gari halikuwa limekwama, kwa kuwa magurudumu yako juu ya changarawe safi na katika fremu ya mwisho mke wangu anaonekana ukingoni ameshika kiuno, amechoka kungoja. Lilikuwa limesimama humo kwa sababu nilikuwa natafuta mwanga mzuri. Tabia hiyo sikuiacha: picha za simu za mwaka juzi, katika mto mwingine, zinatofautiana kwa dakika 26 kati ya ya kwanza na ya mwisho.

Nilipomwonyesha fundi, alinieleza kilichotokea kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kukiona mara nyingi. Difu iliyotoka kupanda mlima huwa ya moto, na hewa iliyomo ndani imetanuka. Ukiitumbukiza ghafla katika maji baridi, hewa ile husinyaa na difu huanza kuvuta. Kuna kimrija cha kupumulia kilichowekwa kwa ajili hiyo, lakini changu alikikuta kimezibwa na udongo uliokauka ukawa mgumu kama jiwe, kwa hiyo pumzi ilivutwa kupitia kwenye sili, ile mipira inayozuia oili isivuje, na pamoja nayo yakaingia maji, ndiyo yaliyoipa oili rangi ya chai ya maziwa. Dakika 2 za kuvuka huenda zisilete madhara makubwa. Dakika 26 ni habari nyingine. Kisha akauliza, "Na hizi picha alipiga nani?" Nikamwambia ni mimi mwenyewe. Akaguna tena, safari hii akitabasamu.

Korongo lile, kwa kulitendea haki, liliacha bonde dogo kwenye bampa la mbele. Picha za siku iliyofuata hazionyeshi kingine chochote.

Tulibadilisha springi za nyuma zote mbili kwa pamoja, bearingi za difu zilizokuwa zimeanza kudonoka pamoja na sili zake, na kimrija cha kupumulia kikarefushwa kwa mpira hadi usawa wa taa za nyuma. Bati lilikatwa likachomelewa jipya. Tairi la akiba limerudi chini ya gari, na maji sasa hukaa ndani, nyuma ya viti vya mbele, tena ninayajaza siku ya kuondoka. Kabla ya kila safari na baada yake napiga picha 4 za gari likiwa tupu, mahali palepale penye sakafu ya zege, simu ikiwa imewekwa kwenye stuli kwa kimo cha kitovu cha gurudumu, na nyingine 4 nikiwa nimelala chini na tochi. Picha za mtoni bado napiga, ila sasa gari huwa limeshavuka, limesimama ng'ambo likichuruzika maji.