Matone Matatu ya Maji

Jioni hii nimeonja kwa mara ya kwanza wiski ya Lagavulin ya miaka 16, kutoka kisiwa cha Islay huko Uskoti, na glasi tupu bado ipo mbele yangu.

Shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa udongo wa mabaki ya mimea, kwa hiyo nilitarajia ukali. Nilipoinusa nilikutana na moshi, iodini na mwani wa baharini, na funda la kwanza, lenye kilevi cha asilimia 43, liliniunguza ulimi hata nisitambue ladha nyingine yoyote.

Kisha nikaongeza matone matatu ya maji.

Moshi ulisogea nyuma, ukaupisha utamu wa zabibu kavu na ganda la chungwa, na baada ya kumeza ikabaki chumvi nyepesi iliyokaa kinywani kwa muda mrefu (kwangu mimi, hiyo ndiyo sehemu bora ya kinywaji hiki).

Nimeinusa tena glasi sasa hivi, ikiwa imekauka.

Inanukia majivu ya moto uliozimika alfajiri.

Ninyi mnaopenda wiski za moshi, huongeza maji au hunywa hivyo hivyo? Na ni ladha gani huwabakia mwishoni?