Sentimita nne za mlango wa bafu

Mgeni mmoja alinipigia simu wiki mbili kabla ya safari yake. Akauliza kama nyumba yangu ya wageni inamfaa mtu kama yeye, anayetumia kiti cha magurudumu. Nikamjibu papo hapo: hakuna shida, vyumba vyote viko chini. Nilisema kwa moyo mweupe. Siku alipofika, vijana wawili walimnyanyua pamoja na kiti chake, wakampandisha ngazi tatu za kibarazani, naye kimya. Chumbani akasogea hadi mlango wa bafu, akasimama, akaniuliza, "Dada, una tepu?"

Mlango ulikuwa na upana wa sentimita 62. Kiti chake kilikuwa na 66. Usiku ule alijifutafuta kwa beseni chumbani, na alfajiri akaondoka. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Mlango uliniuma, lakini jibu langu la kwenye simu liliniuma zaidi, kwa sababu kuna nyumba nyingine aliiacha kwa kuniamini mimi.

Asubuhi hiyo hiyo nilianza kupima. Nilipima kila mlango, kila kizingiti, urefu wa vitanda, urefu wa choo, nafasi kati ya kitanda na ukuta. Hapo nikajifunza jambo ambalo mafundi wengi hawalizingatii: upana wa mlango haupimwi fremu kwa fremu. Unaufungua mlango wote, kisha unapima nafasi inayobaki kati ya ubao wake na fremu ya upande wa pili, maana ubao na bawaba vinakula nafasi. Mlango niliouita wa 80 ulikuwa unapitisha 75 tu.

Rampu, yaani mteremko wa kupandia badala ya ngazi, ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ngazi zangu tatu zina jumla ya sentimita 45. Fundi akajenga mteremko wa mita 2, akaupiga sakafu nzuri, akasema, "Mama, hapo gari linapanda." Nikaazima kiti cha magurudumu, nikakaa, nikajaribu kupanda peke yangu. Katikati mikono ikaishiwa nguvu, kiti kikaanza kurudi nyuma, fundi akanidaka. Hakusema kitu, alichukua nyundo akaanza kubomoa. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi, hata katika viwango vinavyotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu, ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji angalau sentimita 12 za kwenda mbele. Kwa hiyo 45 zangu zilidai mita 5 na sentimita 40, na juu yake sehemu bapa mbele ya mlango ili mtu atulie akifungua. Kiwanja hakikutosha kwa mstari mmoja, tukaikunja kwenye kona na kuweka sehemu bapa hapo pia. Tukaongeza reli pande zote mbili. Sasa wanaoitumia zaidi ni wazee, akina mama wenye vigari vya watoto, na kila mwenye sanduku zito.

Bafuni nilipanua mlango hadi 85, na nikaufanya ufunguke kwa nje. Sababu yake ni nzito: mtu akianguka ndani, mlango unaofunguka kwa ndani unazuiwa na mwili wake, na wewe huwezi kumfikia. Vyuma vya kushikilia visifungwe kwenye vigae tu. Vinapaswa kuingia ukutani kabisa, kwa kuwa mtu atavining'inia kwa uzito wake wote. Kitanda nilichokuwa nakionea fahari, cha sentimita 68, tulikikata miguu kikafika 48, karibu sawa na kiti, ili mgeni ahamie bila kubebwa.

Kwa miezi kadhaa nilidhani nimemaliza. Kumbe nilikuwa nimefikiria magurudumu peke yake, wakati watu wengi wenye ulemavu hawatumii kiti hicho kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani mtu 1 kati ya 6, wanaishi na ulemavu mkubwa. Wengi wao ukikutana nao mapokezini hutatambua lolote.

Mgeni mmoja kiziwi alichelewa kutoka chumbani. Mhudumu akagonga, akagonga tena, kisha akafungua kwa ufunguo wa akiba. Mgeni alikuwa anavaa. Aibu ile sitaisahau. Tuliweka kengele inayowasha taa ndani ya chumba, na king'ora cha moto chenye mwanga wa kumetameta, kwa sababu nilijiuliza: kama siku hiyo moto ungewaka, angejuaje?

Mgeni asiyeona alitaka kitu kidogo tu: azungushwe chumbani mara moja, mkono wake ukiwa juu ya kiwiko changu, nimwambie kila kitu kilipo. Kesho yake mhudumu alisafisha vizuri sana, akapanga upya kila kitu. Nilimkuta mgeni akipapasa sinki nzima akitafuta mswaki uliokuwa umehamishiwa kabatini. Siku hizi kanuni yetu ni moja: safisha, kisha rudisha pale pale ulipokitoa.

Naye mama mwenye mtoto mwenye usonji (autism), anayesumbuliwa na kelele na mahali pageni, aliniomba picha za chumba, za njia ya kuingilia, hata za wahudumu, ili mtoto azizoee kabla ya safari. Aliomba pia chumba cha mbali na jenereta. Kumtimizia yote hayo kulinichukua nusu saa.

Kwa wahudumu, kazi kubwa ilikuwa midomo yetu. Mtu amekuja na mwenzake, mhudumu anamgeukia mwenzake: "Yeye atakula nini?" Muulize mwenyewe! Tumekatazana pia kushika kiti cha mtu bila ruhusa, maana kiti ni sehemu ya mwili wake. Maneno nayo yanahitaji uangalifu. Wapo wanaochukizwa na "kipofu" au "kilema", wanataka kuitwa wasioona au watu wenye ulemavu. Viziwi wengi, kwa upande wao, wanalishika neno "kiziwi" bila shida, na vyama vyao vinalitumia. Mimi namwita mgeni kwa jina lake, na nikiwa na shaka namuuliza.

Badiliko ninalolithamini kuliko yote halikuhitaji saruji. Nimefuta kwenye matangazo yangu maneno "panafaa kwa walemavu", kwa kuwa ndiyo yale yale niliyomwambia mgeni wa kwanza. Badala yake nimeweka namba na picha zenye tepu ndani yake: mlango 85, kitanda 48, rampu mita 5.4 yenye kona moja. Mtu anakijua kiti chake, anaujua mwili wake. Akipata vipimo ataamua mwenyewe.

Naandika na yasiyowezekana. Ghorofani kuna baraza zuri la kutazamia jua likizama, ngazi 14, kimo cha karibu mita 2.4. Rampu yake ingehitaji mita 29 hivi, na kiwanja sina. Kwa hiyo tangazo linasema wazi: baraza la juu, ngazi 14, hakuna njia nyingine. Lakini kifungua kinywa, ambacho zamani tulikiandaa huko juu, nimekishusha chini kwa wageni wote. Niliwahi kumwona mtu akila peke yake uani huku akisikia kicheko cha wenzake juu ya kichwa chake, na sikutaka kuona hilo tena.

Mwezi uliopita familia moja iliyosoma maelezo hayo ilinipigia. Swali lao la kwanza lilikuwa nafasi iliyopo chini ya meza ya kulia, kutoka sakafuni hadi kwenye ubao, ili magoti ya baba yao yaingie. Sikuwa nimeipima. Nikawaomba wasikate simu, nikachukua tepu, nikapiga magoti chini ya meza: sentimita 71.