Presha ya shangazi

Shangazi yangu wa Temeke humeza dawa ya presha siku kichwa kinapomuuma tu. Kikitulia, vidonge vinarudi kabatini. "Nimepona, mwanangu," huniambia, na ukimbishia anakukumbusha ni nani aliyekubeba mgongoni.

Shida ni kwamba presha kwa kawaida haiumi. Mtu anaweza kuwa na 170 kwa 100, anapika, anacheka na majirani, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo vikiumia. Ikifika 140 kwa 90, tena kwa vipimo vya siku tofauti, hiyo ni presha ya juu. Dawa huishusha tu. Ukiiacha, inapanda tena.

Halafu chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Muuza chipsi wa mtaani kwao anakunyunyizia kabla hujaonja! Na sokoni, alikokuwa akienda kwa miguu, sasa ni bodaboda.

Tumekubaliana kidonge kimezwe kila siku baada ya swala ya alfajiri, msimamizi akiwa mjukuu wake. Huyo hana huruma hata kidogo.