Usiku mkono ulipotoka kwenye boksi

Nyumbani wakisikia uko Marekani unabeba boksi wanadhani kweli umejitwisha boksi kichwani, mi boksi langu lilikuwa bibi wa kizungu wa miaka 84, Columbus, Ohio, Januari 2013. Kavunjika nyonga, watoto wake wako mbali, mi naingia saa kumi na mbili jioni natoka asubuhi. Namlisha, namgeuza, nampa dawa, akilala namalizia kazi zangu za chuo. Ndo maisha.

Sasa Ijumaa ya kwanza tu kaanza kuangalia saa ya ukutani kama mtu anayesubiri basi. Nikamuuliza vipi, unataka choo? Akasema hapana, niwashie DVD, ikifika saa mbili na nusu kamili. Si saa mbili na dakika ishirini na tano, saa mbili na nusu. Nikajisemea wazee bwana. Baadae ndo nikaelewa, hiyo DVD ni ya The Addams Family, vichekesho vya TV vya zamani, ilianza kuonyeshwa kituo cha ABC Septemba 1964, Ijumaa saa mbili na nusu usiku, na yeye wakati huo alikuwa na watoto wadogo watatu, wanakoga, wanavaa nguo za kulalia, wanakaa kwenye zulia. Watoto wakakua wakahama, mume akafa, bibi akabaki na Ijumaa yake.

Nikaweka. Picha nyeusi na nyeupe, kinanda kinalia, halafu watu wanapiga vidole, ta ta. Bibi na nyonga yake iliyovunjika naye anapiga, ta ta, ananiangalia anataka na mimi nipige. Jamani mi nimelelewa Pangani, usiku hupigi mluzi, hufagii, leo nikae usiku kwenye nyumba ya watu nipige vidole mbele ya TV imejaa mijitu imevaa kama imetoka mazishini? Nikajifanya nakunja shuka.

Mara pale kwenye TV kuna kiboksi juu ya meza, kikafunguka, mkono ukatoka. Mkono tu, hauna mwenyewe. Nikaruka na shuka langu, audhubillahi mbio mbio, na Ayatul Kursiyu nikaidaka katikati, sijui hata nilianzia wapi. Bibi akacheka hadi nikaogopa nyonga itaachia tena. Akaniita nikae kwenye kiti pembeni yake, akaniambia huo mkono ni wa yule yule jitu refu linalofungua mlango, Lurch, yaani Ted Cassidy, mtu wa futi 6 na inchi 9, mara nyingi mkono ni wake yeye, wakikutana kwenye sini moja ndo wanaazima mkono wa mtu mwingine. Basi roho ikatulia kidogo.

Nikakaa. Na kwa kweli nilikaa kwa ajili ya kumridhisha tu.

Ilikuwa ile sehemu ya kwanza kabisa. Watoto wa ile nyumba, Wednesday na Pugsley, hawaendi shule, sasa kaja bwana mmoja wa serikali kufuatilia utoro. Bwana wa watu na suti yake anagonga mlango, anafunguliwa na Lurch. Hapo tu kashaanza kutetemeka. Wenyewe sasa! Wamefurahi wamepata mgeni, wanamkaribisha kwa moyo wote, baba mtu Gomez ndo kabisa, sharubu zake na sigara, mtu anacheza na treni za mtoto raha yake ni kuzigonganisha zilipuke. Mama Morticia gauni jeusi limembana mpaka miguuni, taratiibu, anakata maua ya waridi anatupa ua anabakiza mti wa miiba. Hamna hata mmoja mle ndani anayejua kwamba wao ni wa kutisha. Na Wednesday alipopelekwa shule karudi nyumbani analia, kisa kasomewa hadithi ya shujaa kaua dude la kutema moto. Wazazi wamekasirika, shule gani hii inafundisha watoto ukatili, dude la watu lina kosa gani?

Hapo ndo nikaanza kucheka. Mwanzo kidogo kidogo, halafu nikashindwa kabisa, maana nilikuwa simuoni tena yule bwana wa suti, namuona karani wa sensa.

Sensa ya 1988, mi nina miaka tisa. Tunaishi kwa bibi, nyumba ya mawe ya zamani, boriti za mikoko, chokaa inabanduka vipande vipande, na kwenye boriti ya ukumbini anakaa bundi. Bundi kweli, sitanii. Mji mzima wanajua, nyumba ya bibi mwenye bundi, watoto wenzangu wakitumwa kwetu wanaitia hodi barabarani. Mi nilikuwa naona aibu mpaka nikitoka shule nazunguka njia ya nyuma wasinione naingia pale. Bibi mwenyewe habari hana, anasema huyu anakula panya, nyie mnaomsema panya wenu mnakula nao sahani moja. Na asubuhi anamsalimia.

Basi karani kaja, kijana, shati limenyooka, makaratasi kwapani, kaletwa na balozi wa nyumba kumi ambaye kaishia nje. Bibi kamkaribisha, mwanangu pita, keti. Kaketi. Kaanza kuandika, jina, umri, uhusiano na mkuu wa kaya, vizuri tu. Juu kule bundi akafungua macho akashusha ile sauti yake. Kijana akainua kichwa taratibu, kalamu imesimama. Bibi akamwambia wala usihangaike, huyo usimwandike, ni mgeni tu, alikuja masika ile kakaa.

Sasa kumbe bibi alishamkonyeza mjomba, mgeni akatiwe dafu. Mjomba wangu alikuwa mrefu anainama kila mlango, na kuongea haongei, kwa siku anaweza kusema "naam" mara mbili basi. Kakata dafu uani, kaingia ukumbini pekupeku, kimya, kasimama nyuma ya kiti cha yule kijana, mkono mmoja dafu mkono mwingine panga. Kijana akahisi kivuli. Akageuka.

Sijawahi kuona mtu anatoka kwenye kiti vile, alitoka kama vile kiti ndo kimemrusha. Makaratasi aliyakumbuka, kalamu hakuikumbuka. Mjomba kabaki amesimama na dafu lake, uso umemshuka, mpaka leo nikikumbuka ule uso naumia. Bibi akasema kwa mshangao kabisa, "Mbona hata maji hajanywa?"

Hilo hilo neno. Ile nyumba ya kwenye TV mgeni akishakimbia wanaangaliana vile vile, wanaona yeye ndo ana matatizo, maskini, labda hajisikii vizuri.

Nikamhadithia bibi wa Columbus kwa kiingereza changu cha kuungaunga, bundi, dafu, panga, akacheka machozi, akasema huyo mjomba wako ni Lurch. Nikamwambia ndiye. Akanihadithia na yeye, kwamba hiyo familia mchoraji Charles Addams alikuwa anawachora tu kwenye gazeti la The New Yorker tangu 1938, hawana hata majina, majina wamepewa ilipokuja TV, na yule mjomba kipara Fester ni Jackie Coogan, yule mtoto wa kwenye filamu ya Charlie Chaplin ya 1921. Mumewe ndo alikuwa anayajua yote hayo. Alipenda vile Gomez akisikia Morticia kasema neno moja la Kifaransa anaanza kumbusu mkono, anapanda nao mpaka begani. Na yeye mumewe alikuwa anamfanyia hivyo jikoni, na Kifaransa walikuwa hawajui wote wawili.

Kaomba nyingine, nikaweka nyingine. Ziko 64, ila za usiku ule ni nne.

Zilipoisha nikatoka koridoni nikampigia mama. Ohio saa nne na nusu usiku, Pangani asubuhi ndo kwanza inapambazuka, nilijua kashaswali. Kapokea kwa hofu, kuna nini mwanangu, nani kafa? Nikamwambia hamna mama, shikamoo, nauliza tu, hivi yule karani wa sensa alirudi?

Kimya. Halafu mama akaanza kucheka.

"We mtoto, unakula vocha toka Marekani kuniuliza hilo?"

Kumbe hakurudi. Alituandikia kwa jirani, aliuliza pale kuna watu wangapi nyumba ile, jirani akamwambia wanane.

Tulikuwa saba. Nikamwambia mama, tulikuwa saba! Mama akasema ndo hivyo hivyo, walituandika wanane, bibi yako aliposikia alifurahi sana.

Ndani huko nasikia ta ta. Nikajua kashaanza ya tano peke yake, rimoti nilimwachia mkononi.